Kromosomu Zangu Ukutani

Bango lilikuja limeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na kwa kuwa mimi ndiye mrefu kuliko wote pale maabara, nikaambiwa nipande kiti nilibandike. Kesho yake walikuwa wanakuja wageni, na Profesa alitaka wakiingia tu koridoni wakutane na utafiti wake: jinsi virusi vya homa ya ini vinavyoweza kuvunja kromosomu za binadamu. Nikabandika kona za juu, nikalilaza katikati kwa kiganja lisifanye mikunjo, na hapo ndipo nilipojiona.

Sikuona uso. Uso wangu ukutani ungenichekesha tu. Niliona kromosomu zangu, zimekuzwa kila moja ikawa ndefu kama kidole, na juu yake kwa herufi nyekundu pameandikwa MGONJWA.

Mtu wa nje akiangalia kromosomu huona vijiti vilivyomwagika. Sisi tunaoshinda nazo tunazijua. Kila seli inazo arobaini na sita, mbili mbili, na kila moja ina kiuno mahali pake. Yangu mimi, namba tisa, moja kati ya zile mbili, kiuno kimeshuka. Kipande cha katikati kiligeuka juu chini zamani huko, kabla sijazaliwa, nikakirithi kwa baba pamoja na huu urefu, na hakina madhara yoyote. Kazini walikuwa wananitania kwamba namba tisa yangu imeshusha suruali. Sasa niliiona bangoni, imeshusha suruali yake vilevile, na wenzake wamevunjika. Moja ilikuwa imekatika mkono, kipande kinaelea pembeni. Nyingine mbili zilikuwa zimeungana vibaya. Kila penye jeraha palikuwa na mshale.

Inabidi nieleze kwa nini maabara nzima iliijua namba tisa ya mtu. Ukitaka kusema huyu kaharibika, lazima umweke karibu na ambaye hajaharibika. Kila tulipopokea damu za wagonjwa wa ini, tulizikuza seli zake kwenye vichupa pamoja na kichupa kimoja cha damu ya mtu asiye na ugonjwa, tukazilinganisha. Kwenda kumsaka mtu wa namna hiyo mtaani ni usumbufu, basi tulikuwa tunatoa sisi wenyewe wafanyakazi. Mimi mishipa yangu inaonekana hata gizani na sindano siiogopi, kwa hiyo zamu ikawa yangu siku zote. Wakaniita Mzima. Nikichelewa asubuhi wanaulizana, "Mzima hajafika?" Nikipiga chafya, mtu anasema kwisha habari ya utafiti.

Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kunipima kwanza. Kosa hilo lingeweza kufanywa na watu wa maabara peke yao. Sisi tuna makoti meupe, tunanawa mikono mpaka inapauka, wagonjwa ni wale wanaokuja na bahasha za rufaa. Muuza viatu yeyote angeuliza: na nyinyi wenyewe kawapima nani? Sisi hatukuuliza, kwa sababu tulikuwa tumesoma.

Nilishuka kwenye kiti. Kona mbili za chini niliziacha zikining'inia.

Wifi yangu alikuwa kwenye chumba cha giza, penye hadubini yenye kamera. Nikisema wifi namaanisha dada wa mume wangu hasa, tumbo moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia pale, yeye ndiye aliyenipeleka kwao Jumapili moja kula, akanikalisha mbele ya kaka yake seremala na kusema, "Huyu hapa, msiseme sijawatafutia." Mwanangu, ambaye tunamwita Kasuku kwa kuwa neno likishamwingia halitoki, huyo wifi ndiye kila kitu chake. Akianguka haniiti mimi. Anamwita Shangazi.

Nikafunga mlango, nikamuuliza, "Wifi, ile picha ya bangoni ni ya nani?"

"Ya mgonjwa. Si imeandikwa."

"Namba tisa yake imeshuka kiuno."

"Wako wengi wenye hivyo, wifi yangu."

"Wako. Hebu nitazame."

Hakunitazama. Alizima taa ya hadubini, akaiwasha, akaizima tena. Kama angecheka na kusema nimechanganyikiwa, ningemwamini, maana ni kweli wako wengi. Lakini mikono yake ninaijua. Mikono ile inadondosha matone ya seli juu ya kioo kutoka usawa wa bega bila kukosea, na sasa ilikuwa haioni swichi.

"Kaa," akasema.

"Sikai. Sema."

Akasema. Maneno yalitoka taratibu, na kadiri yalivyotoka ndivyo nilivyozidi kutamani ayarudishe. Wakati ule Profesa alikuwa hapati tofauti kati ya wagonjwa na mzima wake. Mivunjiko sawa kwa sawa. Akamfokea Wifi kwamba anachanganya vichupa. Wifi akaapa kwamba hajachanganya. Ndipo Profesa akamwambia kipime hicho kichupa cha mzima, tuone kama chenyewe hakina virusi. Akapima. Vilikuwemo. Hakuamini, akapima tena, vikawemo vilevile, na Profesa akakihamishia kichupa changu upande wa wagonjwa.

"Lini?" nikauliza.

"Ulipokuwa na mimba ya Kasuku."

Nikakumbuka vizuri sana. Profesa alikuja kwenye meza yangu amejaa tabasamu, akaniambia mama mjamzito hatolewi damu ya utafiti, apumzike, atapatikana mwingine. Akaniletea kiti chake chenye mto wa mgongoni. Nikaenda nyumbani nikamsifia kwa mume wangu: bosi wangu ana utu. Kumbe walikuwa wananiuma na kunipulizia.

"Ukanyamaza," nikamwambia Wifi.

"Ni taratibu, unazijua. Kichupa kikishapewa namba hakina mwenyewe. Tulitia saini wote."

"Mwenyewe nilikuwa chumba cha pili, Wifi. Ulikuwa unanikorogea chai."

Hapo akaanza kulia, na mimi nikawa na hasira hata na machozi yake. Nilitaka nilie mimi kwanza.

Kazi yetu nilikuwa ninaijua kwa moyo. Kirusi cha ini hakiingii ndani ya seli kwa nia ya kuvunja. Kinaingia kuzaana. Lakini katika kuzaana kwake hujipenyeza, hubandika maandishi yake katikati ya maandishi yetu, na palipobandikwa uzi hulegea na kukatika. Seli hujaribu kuunga. Mara nyingine huunga ncha na ncha isiyo yake, na kosa hilo hurithishwa seli kwa seli, mwaka kwa mwaka, na huko ndani ya ini ndiko saratani inakoweza kuanzia. Si kwa kila mtu, ila kwa wengi wa kutosha. Profesa alikuwa anatafuta kama dalili za uharibifu zinaonekana mapema kwenye chembe nyeupe za damu. Haya yote nimewaeleza wanafunzi waliotutembelea, nikiwa na kijiti mkononi, nikitania. Sikuwa nimewahi kuyaeleza yakiwa yangu.

Nilijua na jingine, ambalo lilinijia palepale chumbani. Kirusi hiki mama humpa mtoto wakati wa kuzaa. Mtu mkubwa akikipata mara nyingi mwili wake hukifukuza wenyewe, lakini mtoto mchanga hukaa nacho maisha. Na ipo chanjo. Ikichomwa siku ileile mtoto anapotoka tumboni, mara nyingi humwokoa. Ikichelewa, zile chanjo za kliniki za wiki sita zinamkuta mgeni ameshaingia ndani.

"Kasuku," nikasema.

Wifi akaweka kiganja mdomoni.

"Ulijua, na ulikuwepo siku ya kumzaa. Hospitali ile ilikuwa inachoma watoto siku ya kwanza?"

"Ilikuwa haichomi," akasema nyuma ya kiganja.

Nilitoka. Koridoni nikakutana na Profesa, ameinamia zile kona nilizoziacha, anajaribu kuzibandika mwenyewe. Nikamwambia, "Profesa, huyo mgonjwa ni mimi." Aliinuka polepole. Alikuwa mtu wa maneno mengi, siku hiyo akatafuta machache. Akasema jina langu halikuonekana popote. Akasema walinificha vizuri kabisa, hata wakaguzi wasingejua. Nafikiri alitarajia nimshukuru. Nikamwambia aliyefichwa vizuri kuliko wote ni mimi mwenyewe, nisijijue, nikachukua mkoba wangu.

Nyumbani mume wangu alikuwa uani, anapiga msasa mguu wa kitanda cha mteja. Njia nzima nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia. Nilimwonea huruma, wallahi nilimwonea huruma yeye. Nilijiona kama nimemletea kitu kichafu ndani. Nikamkalisha juu ya ubao, nikamweleza kwamba nina virusi vya homa ya ini, kwamba huenda ninavyo tangu utoto wangu bila kujua, kwamba inabidi apimwe yeye na mtoto.

Akaacha msasa. Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza kabla hajasema lolote.

"Mimi nilishachanjwa," akasema.

"Ya nini?"

"Ya ini. Zamani kidogo. Dada alinipeleka."

"Alikwambia kwa nini?"

Akapuliza vumbi la mbao kwenye vidole vyake, kimoja kimoja. "Aliniambia kuna ugonjwa wa ini karibu na mimi, nichanjwe, nisimuulize zaidi kwa sababu kazi yake itakuwa hatarini. Sikumuuliza."

"Karibu na wewe. Nani mwingine alikuwa karibu na wewe? Huo ubao?"

"Nilifikiria. Nilisema kama ni jambo kubwa, mtanieleza nyinyi wenyewe. Nyinyi ndio wataalamu."

"Sindano umechomwa zote?"

"Zote."

Zote. Yaani alikwenda mara ya kwanza, akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, anakunja mkono wa shati, na jioni anakuja kulala ubavuni mwangu, anaweka sikio tumboni kusikiliza mtoto anavyocheza. Hakuna siku ilipomjia kuniuliza, "Mke wangu, na wewe umechanjwa?" Sikumpigia kelele. Nilikuwa nimechoka ghafla, uchovu wa kubeba. Nikamwambia hakuwa na haja ya kuwa mtaalamu, alikuwa na haja ya kuwa mume. Akainamisha kichwa, akauokota msasa, akauweka chini tena.

Kesho yake sikwenda kupokea wageni wa Profesa. Nilimpeleka Kasuku kituo cha afya cha jirani, ambako muuguzi mmoja ni rafiki yangu. Mimi nilijipima kwanza, mistari miwili ikatokea upesi. Kisha nikampakata mwanangu, nikakishika kidole chake.

"Shangazi yuko wapi?" akauliza.

"Leo anachoma mama."

"Wewe hujui. Shangazi anahesabu kwanza. Anasema moja, mbili, chura karuka."

"Moja," nikasema, "mbili, chura karuka."

"Siyo hivyo. Shangazi hasemi hivyo." Akavuta mkono, midomo ikaanza kutetemeka. "Namtaka Shangazi."

Yule muuguzi akageukia dirisha, akajitia kupanga pamba. Nilimchoma mwanangu huku akimwita mtu mwingine, nikadondosha tone lake kwenye kipimo, nikaweka plasta yenye picha ya paka. Mstari wa kwanza hutokea kwa kila mtu, huo unasema tu kwamba kipimo ni kizima. Nikawa ninaomba ubaki huo peke yake. Chini yake pakaanza kuwa na kivuli, nikajiambia ni kivuli cha kidole changu. Nikatoa kidole. Mstari ukabaki palepale, ukakolea.

Daktari wa ini, tuliyepelekwa kwake asubuhi hiyohiyo, alituongelesha vizuri, siwezi kumsema vibaya. Alisema hii si hukumu ya kifo. Tutaangaliwa mimi na mwanangu kila baada ya muda, ikibidi dawa zipo, watu wanazeeka na virusi hivi. Kasuku akarudia kwa sauti, "Watu wanazeeka," na daktari akacheka. Mimi nilikuwa ninaiona mikono ile midogo inayokatika kwenye bango, vipande vinavyoelea, mishale. Nilikuwa ninawaza kwamba ndani ya ini la mtoto wangu, wakati amekaa pale ananyonya kidole chenye plasta, huenda kuna uzi unalegea.

Wifi alikuja alasiri ya siku hiyo. Nilimsikia getini akizungumza na kaka yake kwa sauti ya chini, kisha kaka mtu akamwita Kasuku wakaenda naye dukani. Walikuwa wameshapanga hivyo, nikaona. Hata hapo walikuwa wananizunguka.

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Majibu?" akauliza.

"Anavyo."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu anayejua tayari. Kisha akaanza kuomba msamaha, na alikuwa na sababu zake, nitazisema maana ni haki yake. Aliogopa Profesa angemfukuza. Aliogopa mama yao, yaani mama mkwe wangu, ambaye angesema nimeleta ugonjwa kwenye ukoo, na kwamba yeye Wifi ndiye aliyenileta. Aliogopa ndoa yangu ingevunjika na mimba tumboni. "Nikasema nimlinde kaka yangu kwanza, halafu nitafute namna ya kukuambia wewe," akasema. "Namna haikupatikana."

"Mimi si nilikuwa ndugu yako?"

"Ulikuwa. Uko."

"Usiniambie uko." Sauti yangu ilikuwa imetulia kuliko nilivyotegemea. "Mimi ningeishi na ugonjwa wangu, Wifi. Wa kwangu nilikuwa nao kabla sijakujua, hukunipa wewe. Ninachouliza ni siku moja tu. Siku ile. Ulikuwa umenishika mkono tangu asubuhi, ulikuwa unanifuta jasho. Ulijua kuna sindano, ulijua ni ya siku hiyo. Hata usingeniambia neno. Ungemnong'oneza mkunga."

Nje, mtu alikuwa anaburuta meza. Nilifikiri Wifi atarudi kwenye hofu zake, na nilikuwa tayari kumwonyesha mlango.

"Nilikuwa nayo," akasema.

"Nini?"

"Chanjo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Niliiomba kituoni kwa rafiki yangu, nikaiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Nilikaa nayo miguuni siku nzima."

Akaendelea, anaangalia sakafu.

"Nilikuwa nasubiri mama yetu atoke chumbani, hakutoka. Kaka akaingia. Mkunga akawa anaingia na kutoka, nikasema nikimwambia huyu atamwambia mama. Halafu wakakupeleka kuoga, nikabaki na mtoto peke yangu. Nilimfunua paja. Sindano nilikuwa nimeshaijaza."

"Ikawaje?"

"Nikaona ile alama utaiona. Wewe unaona kila kitu. Utaniuliza ni ya nini." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikamfunika."

Nikauliza swali ambalo sijui lilitoka wapi, labda kwa mazoea ya kazi. Nilimuuliza hiyo dawa aliifanya nini.

"Sindano niliitupa," akasema. "Nilikuwa na kichupa cha pili, cha akiba. Hicho nilikirudisha kituoni jioni ileile, nikakiweka kwenye friji. Nilihofia kisije kikaharibika."